Usiku kinasoma 88, asubuhi 97: niamini kipi?

*"Habari za kazi, daktari. Mama yangu ana miaka 67, anaishi Lushoto na mtoto wa kaka yangu, mimi niko Dar. Ana presha ya miaka mingi, sasa hivi anatumia dawa mbili na bado haishuki vizuri. Mwezi uliopita nilimnunulia kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, shilingi 40,000, Kariakoo. Kinatuchanganya. Usiku mtoto akimpima amelala kinasoma 88, mara 86, mara 91. Asubuhi akishaamka, akiwa anaota moto jikoni, ni 97 au 98. Zahanati walimpima mchana kwa chao wakapata 94. Jirani yetu, nesi mstaafu, anasema ni piko aliyopaka kwenye harusi ya mjukuu. Kaka anasema kifaa ni feki, tutupe. Mwingine kaniambia hivi vitu havifanyi kazi kwa watu weusi. Mama mwenyewe anasema yuko salama, ila anaamka kichwa kinamuuma, na mchana anasinzia hata mbele ya wageni. Anakoroma kama kawaida yake. Huko sasa ni baridi kali, usiku wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Ninunue kingine cha bei kubwa? Au saa ya mkononi inayopima oksijeni? Au nitafute mtungi wa oksijeni kabisa?"*

Dada, nianze kwa kukurudishia cheo ulichonipa. Mimi si daktari. Ni mhandisi wa vifaa tiba, yule anayeitwa wodini mashine ikigoma, na kabla ya hapo nilitunza vipima gesi vya wachimbaji kwenye mgodi mmoja Kanda ya Ziwa. Nitakujibu kama mtu anayejua kifaa chako kinaona nini na hakioni nini. Ila kuna jambo halingoji mwisho wa jibu hili. Kabla hujaendelea kusoma, piga simu Lushoto, sema jiko la mkaa lisilale tena chumbani, kuanzia leo. Mengine tutayazungumza taratibu.

Nikikuelewa, unauliza kipi ni kweli kati ya 88 ya usiku na 97 ya asubuhi. Nyumbani naona mmeshapiga kura: 97 ndiyo kweli, 88 ni ugonjwa wa kifaa. Ndivyo tulivyo, namba ya kufurahisha haihojiwi. Mimi hiyo 97 inanitia shaka karibu sawa na 88, na maelezo yako mwenyewe ndiyo yaliyonitia shaka hiyo.

Tuanze na kifaa. Utotoni, umeme ukikatika, nina hakika uliwahi kuifunika tochi kwa vidole ukaona nyama inawaka nyekundu. Basi umeshaiona oksimita, yaani kifaa chako hicho, ikifanya kazi. Upande mmoja wa kile kibanio kuna taa mbili ndogo, moja nyekundu unayoiona, nyingine ya mwanga usioonekana kwa jicho, ulio ng'ambo ya wekundu. Upande wa pili kuna jicho la kupokea. Damu iliyobeba oksijeni inaupitisha mwanga mwekundu kwa urahisi, ndiyo maana ni nyekundu. Damu iliyoishiwa oksijeni inaumeza mwanga huo, ndiyo maana imeiva kama zambarau. Kwenye ule mwanga mwingine mambo yanageuka kinyume. Kifaa kinalinganisha taa hizo mbili, kisha kinakisia ni asilimia ngapi ya damu imebeba oksijeni.

Lakini kidole hakina damu peke yake. Kina ngozi, mfupa, ukucha, na damu iliyotulia kwenye mishipa ya kurudi moyoni, na vyote vinakula mwanga. Aliyekifungua kitendawili hicho ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuwa anatafuta oksijeni. Alikuwa anapima kazi ya moyo kwa rangi inayodungwa kwenye damu, na mapigo ya mshipa yakawa yanamharibia mchoro wake kwa kutetemekatetemeka. Katika kuhangaika kuyafuta akagundua kwamba mtikisiko ule ule unaomkera ndio wenye habari. Kinachodunda ni damu ya ateri tu, ile inayotoka moyoni. Ngozi haidundi, ukucha haudundi. Toa kila kisichodunda, kinachobaki ni damu unayoitaka. Aoyagi alifariki Aprili 2020, mwezi ambao dunia nzima ilikuwa inagombania kifaa hicho.

Nimekupeleka Japani kwa makusudi. Ukishajua kwamba kifaa kinaishi kwa mdundo, unayo njia ya kukikagua bila fundi. Oksimita inaonyesha namba mbili: oksijeni, na mapigo ya moyo kwa dakika. Watu wote wanaikimbilia ya kwanza. Wewe anza na ya pili. Mtoto aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa bibi yake, ahesabu mapigo kwa dakika nzima akitazama saa. Akipata 74 na kifaa kinasema 75, kifaa kimeushika mshipa, na namba ya oksijeni inastahili kusikilizwa. Akipata 74 na kifaa kinasema 112 au kinarukaruka, hapo hakuna kipimo, hata kama kimeandika 99. Kuna kimoja niliwahi kukibana kwenye kalamu ya wino, mkono wangu ukitetemeka kidogo, kikanipa 96. Kalamu haina mapafu.

Mgodini hatukumruhusu mtu ashuke na kipima gesi ambacho hakijajaribiwa siku hiyo. Tulikipulizia gesi ya kiwango kinachojulikana kutoka kwenye mtungi mdogo. Kikikosea au kikichelewa kupiga kelele, kinabaki juu. Nyumbani huna mtungi huo, lakini una mshipa wa mama, na mshipa ni bure.

Sasa tuwapitie washitakiwa wako.

Piko. Jirani hajakosea kwa asilimia zote. Hina ya majani, ile nyekundu, kwa kawaida haisumbui, ila piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele inaweza kuuzuia mwanga, na rangi nyeusi au ya buluu ya kucha vilevile. Dawa yake ni kutafuta kidole kisichopakwa, au kukigeuza kifaa ili mwanga upite ubavuni mwa kidole badala ya kwenye ukucha. Lakini fikiria: piko ipo usiku, na ipo asubuhi. Haiwezi kuiteremsha namba saa nane ya usiku halafu iisamehe saa moja asubuhi kwenye kidole kile kile.

Rangi ya ngozi. Hili nalichukulia kwa uzito, maana limepuuzwa mno. Hakuna kanuni inayogeuza mwanga kuwa asilimia moja kwa moja. Watengenezaji huwapumulisha watu wenye afya hewa iliyopunguzwa oksijeni, wanawatoa damu ya ateri, wanatengeneza jedwali. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa weupe kwa sehemu kubwa. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10, na wenye ngozi nyeusi wakiwa angalau 2 tu, au asilimia 15 ya wote kama hiyo ni zaidi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo kutoka hospitali ya chuo hicho: kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu ya masharti makali zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba vifaa hivi havifanyi kazi kwetu. Vinafanya kazi, ila vikikosea vina tabia ya kukosea kwa kutupendelea, yaani kutupa namba ya juu kuliko hali halisi. Kwa mama, rangi yake ni sababu ya kuihofia 94 ya zahanati, wala si sababu ya kuitupa 88. Na hata hivyo, mama hawi mweusi zaidi usiku.

Ufeki. Unawezekana. Tanzania vifaa tiba vinasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na duka linalouza kitu halali halitaona tabu ukiuliza usajili. Lakini kifaa kibovu kwa kawaida hubahatisha ovyo. Chenu kina mpangilio: kikishuka ni usiku, kikipanda ni asubuhi. Hata chombo kizuri hukosea pointi 2 hadi 4, ndiyo maana 91 na 88 ni karibu kitu kimoja. Tofauti ya 88 na 97 ni kubwa mno kuitwa makosa ya kawaida.

Baridi. Huyu mshitakiwa ni wa kweli. Vidole vikipoa, mishipa inajikunyata, mdundo unakuwa hafifu, kifaa kinahangaika. Kaangalieni kile kimstari kinachopanda na kushuka pembeni ya namba, kama kimelala chini kabisa mpasheni mikono kwanza. Na mji wenyewe wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Huko hewa ina msukumo pungufu, hivyo mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma pointi moja au mbili chini ya vile angesoma Tanga mjini.

Nimebakiza wawili ambao hukuwashitaki. Umewataja kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Wa kwanza ni jiko. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Moshi umeisha, makaa yamekuwa mekundu mazuri, kila mtu anaona jiko limekolea na ni salama. Kumbe hapo ndipo gesi ipo na hakuna wa kukushtua. Chembechembe za damu zinaishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni, na zikishaishika haziiachii upesi. Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi mimi: damu iliyoshika kaboni monoksidi nayo ni nyekundu. Taa mbili za oksimita haziwezi kuitofautisha na damu yenye oksijeni. Mtu anaweza kuwa anakufa kwa gesi ya jiko na kifaa kikamwandikia 98. Vipima gesi nilivyotunza mgodini vilipiga kelele hewa ikifikia sehemu 35 za gesi hiyo katika milioni. Chumbani kwa mama hakuna kinachopiga kelele. Kuna bibi anayeamka kichwa kinamuuma, kisha anakwenda kupimwa akiwa ameinamia moto jikoni.

Ndiyo maana siipokei ile 97 kwa mikono miwili. Muulizeni na mtoto anayelala nyumba hiyo kama naye anaamka na kichwa kizito au kichefuchefu. Wakiumwa wawili chini ya paa moja, gesi inakuwa mshukiwa mkuu. Waende hospitali wakaseme wazi kwamba walilala na jiko, kwa sababu kipimo cha kidoleni hakitawaambia wahudumu, inahitajika damu ipimwe. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Blanketi la pili na chupa ya maji ya moto vitafanya kazi ya jiko.

Wa pili ni kukoroma. "Anakoroma kama kawaida yake," umeandika. Dada, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikasoma swali upya. Mama anakoroma, namba inashuka akiwa amelala na kupanda akiwa macho, anaamka na kichwa kinauma, anasinzia mbele ya wageni, na presha haishuki kwa dawa mbili. Ukiyasimamisha pamoja yanafanana sana na tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, kifua kinahangaika bila hewa kuingia. Oksijeni inashuka kwa sekunde kadhaa mpaka ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo, anavuta hewa, anazama tena. Inaweza kutokea mara nyingi kwa saa moja na asikumbuke hata moja. Kila mshtuko unaipandisha presha. Ndiyo maana presha sugu ni moja ya mambo yanayowafanya madaktari waulize, "Mama anakoroma?"

Kwa hiyo 88 ya usiku inaweza kuwa ndiyo namba ya kweli kuliko zote mlizopata. Nasema inaweza. Mimi sioni kidole, na hata ningekiona, kubana kifaa mara moja moja usiku hakuthibitishi ugonjwa huu. Kinachothibitisha ni kurekodi usiku kucha, oksijeni pamoja na pumzi, na hilo ni la daktari kuagiza. Tiba ipo: kulala ubavu, kupunguza uzito kama umezidi, na kwa wengi mashine ndogo ya kusukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge. Wakati mnasubiri, asipewe dawa za usingizi na mtu yeyote, zinalegeza koo zaidi.

Manunuzi nayamaliza haraka. Kifaa kingine cha bei kubwa, hapana, si kabla ya kukikagua ulichonacho. Saa ya mkononi, hapana. Yenyewe inasoma mwanga unaorudi kutoka juu ya kifundo, ambako mdundo ni hafifu kuliko kidoleni, na watengenezaji wengi wenyewe wanaandika kwamba si kwa matumizi ya tiba. Mtungi wa oksijeni, hapana kabisa bila daktari. Koo likijifunga, oksijeni puani haiwezi kulifungua. Kuna wagonjwa wa mapafu ambao oksijeni nyingi huwadhuru. Na mtungi kwenye nyumba yenye makaa mekundu ni moto unaosubiri kiberiti.

Fanyeni hivi badala yake. Kwa siku tatu, jiko likiwa nje, mtoto ampime mama asubuhi kabla hajaingia jikoni, jioni akiwa amekaa dakika tano, na usiku mara mbili akiwa amelala. Kidole cha kati kisicho na piko, kimepashwa, mkono haujalaliwa, taa kali au jua lisipige juu yake. Asubiri dakika nzima namba itulie, asinakili ile ya kwanza. Aandike oksijeni, mapigo ya kifaa, mapigo ya kuhesabu kwa vidole, na alichosikia: anakoroma, amenyamaza, amevuta pumzi kwa kishindo. Hiyo ya mwisho ina thamani kuliko namba. Simu ikirekodi dakika kumi za mkoromo wake, daktari ataifurahia.

Halafu hospitali ya wilaya, wiki hii, wala si mpaka sikukuu ukienda. Waombe wapime pia wingi wa damu. Oksimita inahesabu asilimia, haihesabu damu. Daladala mbili zikijaa pomoni zimejaa asilimia 100, lakini kama kituoni wamebaki abiria mia, kujaa huko hakujawasaidia. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 na bado viungo vyake vina njaa ya oksijeni.

Msisubiri siku tatu wala daftari iwapo akiwa macho, vidole vikiwa na joto na mapigo yakilingana, namba inabaki chini ya 90. Hapo ni gari na hospitali papo hapo. Ikiganda 90 hadi 92, aonwe siku hiyo hiyo. Na haijalishi kifaa kinasema nini kama anashindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, kifua kinabana, anachanganyikiwa, hashtuki akiamshwa, au ulimi na ndani ya midomo vimekuwa na rangi ya majivu au buluu. Kwa ngozi zetu tazameni ulimi, kucha zinadanganya, hasa zenye piko. Mkimkuta hivyo kwenye chumba chenye jiko, kwanza mtoeni nje kwenye hewa, na anayeingia kumtoa asikae humo.

Siku ya kwenda, mtoto achukue na kifaa chenyewe, kikiwa na betri mpya. Wamwombe nesi wakibane kwenye kidole kimoja cha mama na cha hospitali kwenye kidole cha jirani yake, kwa wakati mmoja, waziandike namba zote mbili kwenye daftari lile lile.